Kutoka Chungu cha Maua hadi Daraja: Joseph Monier na Mwanzo wa Zege la Nondo

Vitabu vya historia ya ujenzi nilivyovisoma humpa Joseph Monier sentensi moja, au mbili akibahatika. Husema kwamba alikuwa mtunza bustani wa Kifaransa, kwamba alitengeneza vyungu vya maua vya saruji akatia waya ndani yake, na kwamba kutokana na vyungu hivyo likapatikana zege la nondo. Baada ya hapo msomaji hupelekwa haraka kwa wahandisi, kwenye madaraja na maghorofa. Bustani huachwa nyuma kama kichekesho cha kufungulia mazungumzo.

Katika insha hii nataka kukaa muda mrefu zaidi penye sentensi hiyo. Hoja yangu ni kwamba zege la nondo halikutokea bustanini kwa bahati tu. Kazi ya bustani ilikuwa na matatizo ambayo kazi ya kujenga nyumba wakati ule haikuwa nayo, na pia ilikuwa na uhuru ambao wajenzi wa nyumba hawakuwa nao, yaani uhuru wa kujaribu kitu kikavunjika bila mtu kufa.

Nakiri kwamba swali hili sikulipata maktabani. Mjomba wangu, ambaye kwetu Uganda tunamwita kojja, hutengeneza vyungu vya saruji na kuviuza pamoja na miche kando ya barabara ya kwenda Entebbe. Wakati wa likizo humsaidia kuchanganya mchanga na saruji. Vyungu vyake vya kwanza, kwa maelezo yake mwenyewe, havikuwa na waya, na vile vikubwa vilipasuka kabla mteja hajamaliza kulipa. Siku hizi huviringisha wavu wa waya ule wa banda la kuku, akausimamisha ndani ya kalibu, kisha akajaza saruji pande zote mbili. Nilipomuuliza nani alimfundisha, alinijibu kwamba alijenga banda la kuku, kipande cha wavu kikabaki, naye hakutaka kukitupa. Jina la Monier hakuwahi kulisikia. Mimi nililisikia katika mwaka wa pili wa chuo, na nikacheka darasani mpaka mhadhiri akataka kujua kuna nini.

Monier alizaliwa tarehe 8 Novemba 1823 katika kijiji cha Saint-Quentin-la-Poterie, kusini mwa Ufaransa. Jina la kijiji chenyewe linataja ufinyanzi, kwa sababu watu wa huko waliishi kwa kufinyanga vyungu. Familia yake ilimtumikia mtawala mkubwa wa eneo hilo, mwenye cheo cha duke wa Uzès, na Joseph aliingizwa katika kazi za bustani tangu utotoni badala ya kupelekwa shule. Mwaka 1842, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, alihamia Paris kufanya kazi katika makazi ya duke huyo, na huko ndiko alikojifunza kusoma na kuandika katika masomo ya jioni. Miaka michache baadaye alipata kazi katika bustani ya Tuileries, karibu na Louvre, akawa anashughulika na michungwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno mchungwa haliashirii tabu yoyote. Mti huota shambani, basi. Ufaransa ya kaskazini ina baridi inayoua mchungwa kwa usiku mmoja. Wafalme na matajiri waliotaka kuonyesha michungwa yao walilazimika kuipanda ndani ya makasha, kuyatoa nje majira ya kuchipua yanapoanza kupata joto, na kuyarudisha ndani kabla ya baridi. Walijenga hata majumba maalumu kwa ajili hiyo. Lile la Versailles, lililochorwa na Jules Hardouin-Mansart, lilijengwa katika miaka ya 1684 hadi 1686, na ukubwa wake unaweza kumfanya mtu afikiri ni kasri lenyewe. Ndani walikaa michungwa.

Sasa tufikirie kasha lenyewe. Linabeba udongo mzito unaomwagiwa maji kila mara. Ndani yake mizizi inanenepa mwaka hadi mwaka na kusukuma kuta kwa nje. Juu yake kuna mti unaoyumbishwa na upepo. Mara mbili kwa mwaka kasha linanyanyuliwa na kuburutwa. Mbao huoza kwa unyevu huo. Udongo wa kufinyanga hauozi, lakini ukigongwa unavunjika, na chungu cha udongo cha kutosha mchungwa mzima ni kizito na ghali. Chuma kitupu hushika kutu. Nadhani hakuna kitu nyumbani kwa mtu wa karne ya 19 kilichoteswa kwa namna nyingi kwa wakati mmoja kama kasha la mchungwa. Ukuta wa nyumba hukandamizwa na uzito ulio juu yake, na jiwe au tofali linauweza mzigo wa namna hiyo. Ukuta wa chungu husukumwa kutoka ndani, kwa hiyo unavutwa pande zote kama kamba iliyofungwa kiunoni mwa mtu aliyeshiba. Saruji haiwezi kuvutwa. Ukiikandamiza inavumilia sana, ukiivuta inapasuka.

Mnamo mwaka 1849 hivi Monier alianza kujaribu. Alitengeneza vyombo vya saruji, vikapasuka. Ndipo akafuma wavu wa fito nyembamba za chuma na kuufunika kwa saruji. Chuma hustahimili kuvutwa, saruji hustahimili kukandamizwa. Lakini mambo mawili ambayo ndiyo hasa yanaufanya muungano huu udumu hayakuwa yakijulikana kwake kwa maelezo ya kisayansi. La kwanza ni kwamba chuma na zege hutanuka kwa joto kwa kiasi kinachokaribiana sana, hivyo jua la mchana na baridi ya usiku haviwatenganishi. La pili ni kwamba saruji ina ualkali mkali, na ualkali huo hukizuia chuma kilichofunikwa vizuri kisishike kutu. Kama mojawapo ya mambo haya lingekuwa kinyume, miji ya leo ingekuwa na sura nyingine kabisa. Monier hakuyajua, ila alikuwa na makasha yaliyokaa nje miaka kadhaa, kwenye mvua na theluji, na aliyaona kwa macho yake.

Hapa naomba nitoke kidogo pembeni, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Kiswahili kimeziita fito hizo nondo, na nondo huyohuyo, kwa matamshi yaleyale, ni mdudu anayefanana na kipepeo ambaye viluwiluwi vyake hula nguo kabatini. Mwanafunzi mwenzangu kutoka Gulu aliwahi kutafsiri sentensi ya somo la ujenzi akaandika kwamba nyumba imara hujengwa kwa wadudu. Turudi Paris.

Majaribio ya Monier yalikuja wakati ambapo Paris nzima ilikuwa ikigeuzwa bustani. Chini ya Napoléon wa Tatu, Haussmann alikuwa akibomoa mitaa ya zamani, na mhandisi Adolphe Alphand alikabidhiwa bustani za umma. Mfano ulio bora kwa hoja yangu ni Buttes-Chaumont, iliyofunguliwa tarehe 1 Aprili 1867. Hapo awali palikuwa machimbo ya jasi, ile malighafi ya plasta ya Paris, na baadaye jalala ambako pia mizoga ya farasi ilitupwa. Alphand na wenzake waligeuza eneo hilo la takriban hekta 25 kuwa bustani yenye ziwa, kisiwa chenye majabali, pango na maporomoko ya maji. Maji yenyewe yalipandishwa kwa pampu. Ndani ya pango walining'iniza mawe marefu yaliyochongoka kama yale yanayotokea mapangoni kwa maelfu ya miaka, ila haya yalikuwa ya saruji. Vizuizi vya kando ya njia vina umbo la magogo na matawi, yenye magamba na hata vifundo, na mgeni asiyegusa huamini ni mbao. Nayo ni saruji.

Watu waliofanya kazi hizi waliitwa rocailleurs, mafundi wa mawe na miti ya bandia. Katika vitabu vya historia ya sanaa wanadharauliwa kidogo, kwamba ni watu wa kughushi maumbile. Mimi naona wanastahili heshima zaidi. Walijua saruji inakauka kwa kasi gani, inashikaje juu ya waya, inachorwa wakati gani kabla haijawa ngumu. Fundi wa kujenga nyumba za mawe hakuwa na sababu ya kujua hayo. Maarifa ya kuipa saruji umbo lolote unalotaka yalikuwa mikononi mwa watu wa bustani.

Katika mwaka huohuo wa 1867, tarehe 16 Julai, Monier alipata hataza yake ya kwanza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiibiwe uvumbuzi wake. Ilihusu makasha na mabeseni ya chuma na saruji kwa matumizi ya bustani. Hakudai zaidi ya hapo. Kinachonivutia ni jinsi alivyoipanua hataza hiyo kidogokidogo: mabomba na matangi ya maji mwaka 1868, vibamba vya kufunika kuta mwaka 1869, madaraja mwaka 1873, mihimili mwaka 1878. Ukiusoma mfululizo huo polepole unamwona mtu akitembea kutoka kwenye kibanda cha miche, anafika kwenye bomba la kumwagilia, anafika kwenye tangi linalolisha bomba, anafika kwenye daraja la kuvukia kijito cha bustani. Kila hatua inapakana na ile iliyotangulia. Ukubwa ndio uliokuwa ukibadilika.

Daraja alilolijenga mwaka 1875 katika kasri la Chazelet, katikati ya Ufaransa, lipo hadi leo. Lina urefu wa karibu meta 14 na upana wa meta 4 hivi, na linavuka handaki la maji lililozunguka kasri. Huhesabiwa kuwa daraja la kwanza duniani la saruji iliyotiwa chuma. Vitabu vya uhandisi vinapolitaja hutoa vipimo vyake na kuishia hapo. Havisemi kwamba kingo zake zimefinyangwa zifanane na matawi ya miti, kama vile vizuizi vya Buttes-Chaumont. Hilo ni daraja la mtunza bustani. Monier hakuwa ameacha kazi yake akawa mhandisi. Alijenga pambo la bustani ambalo farasi na gari lake wangeweza kupita juu yake.

Lazima nikubali kwamba hakuwa wa kwanza. Joseph-Louis Lambot, mwenye shamba kusini mwa Ufaransa, alitengeneza mtumbwi wa waya na saruji mwaka 1848 na kuuonyesha katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1855. Uingereza, William Wilkinson, fundi wa plasta wa Newcastle, alipata hataza ya sakafu za zege lenye chuma mwaka 1854. Kwa tarehe peke yake, wote wawili wanamtangulia Monier katika karatasi. Tofauti ni kwamba mtumbwi wa Lambot haukupata wanunuzi, na Lambot akaishia hapo. Monier alikuwa na soko dogo lisilokoma la watu waliotaka makasha, mabeseni na vibanda vya mapumziko, na soko hilo lilimlisha kwa miaka ishirini huku akiendelea kukosea na kusahihisha. Wanahistoria wanaopanga tarehe za hataza kwenye mstari mmoja ili kumpata mshindi, kwa maoni yangu, wanatafuta kitu kisichokuwepo.

Sehemu inayofuata hainifurahishi, lakini pia sitaki kuisimulia kama hadithi ya mnyonge na wadhalimu. Mjerumani mmoja, Conrad Freytag, aliona kazi za Monier katika maonyesho ya Antwerp mwaka 1879. Mwaka 1884 kampuni yake ilinunua haki za kutumia hataza hizo kusini mwa Ujerumani, na muda si mrefu Gustav Adolf Wayss naye aliingia katika biashara hiyo. Wayss alifanya majaribio hadharani, na mwaka 1887 alichapisha kitabu kuhusu mfumo wa Monier. Hesabu zilizomo zilitoka kwa mhandisi Mathias Koenen. Koenen ndiye aliyeonyesha kwa hesabu jambo ambalo Monier hakulifuata: kwamba katika kibamba kilicholazwa na kubebeshwa mzigo, sehemu ya juu hukandamizwa na ya chini huvutwa, hivyo chuma kiwekwe chini, pale kinapohitajika. Monier alizoea kuuweka wavu katikati. Katika ukuta wa chungu, katikati ni pazuri. Katika sakafu, katikati ni karibu na upotevu wa chuma.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba wahandisi walimpora kila kitu. Walimwongezea ambacho hakuwa nacho. Chungu kikivunjika, udongo humwagika na mwenye nyumba hukasirika. Sakafu ikivunjika, watu hufa, na mtu anayejenga sakafu kwa kubahatisha hastahili kusifiwa kwa ubunifu wake. Lakini karatasi za hesabu zilipofika, aliyejua kwa mikono hakuhitajika tena. Majengo ya aina hiyo Ujerumani yaliitwa kwa jina la Monier, na fito zenyewe waliziita chuma cha Monier. Jina lilisafiri hadi Australia, ambako daraja la Anderson Street mjini Melbourne, lililokamilika mwaka 1899, lilijengwa kwa matao ya mfumo wa Monier. Mwenye jina alikuwa Paris, na biashara yake ilikuwa imefilisika tangu mwaka 1888. Alijaribu kuanza upya bila mafanikio makubwa, huku kijana wa zama mpya, François Hennebique, aliyepata hataza zake mwaka 1892, akienea Ulaya nzima na ofisi zake. Monier alifariki Paris tarehe 13 Machi 1906 akiwa hana mali.

Nilimsimulia mjomba haya yote likizo iliyopita, tukiwa tumekaa kwenye mifuko mitupu ya saruji. Kuhusu umaskini wa Monier hakusema sana. Aliuliza bei ya zile haki zilizouzwa kwa Wajerumani, nami sikuwa na jibu. Kilichomshika ni habari ya Koenen, ya mahali pa kuweka chuma. "Mujjwa," aliniambia, kwa neno letu la mtoto wa dada, "hebu lete kile cha mteja wa Kajjansi."

Kilikuwa chungu kikubwa kilichorudishwa baada ya miaka minne kikiwa na ufa kutoka ukingoni hadi kitako. Mteja alidai saruji iliibwa, yaani ilipunjwa, na mjomba alimrudishia pesa ingawa alijua mchanganyiko ulikuwa sawa. Kwa miezi kadhaa kilikaa nyuma ya miche ya migomba. Tulikigonga kwa nyundo tukatazama ndani ya ufa. Saruji ilikuwa ngumu, nzuri kabisa. Wavu ndio uliokuwa umesogea wakati wa kujaza, ukagusana na kalibu upande wa nje, ukabaki umefunikwa kwa ngozi nyembamba isiyofika hata unene wa sarafu. Maji ya mvua yalipenya, waya ukashika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Ilikuwa imeibandua saruji kutoka ndani. Nilimweleza kwamba wajenzi wa maghorofa huweka vipande vidogo vya zege kati ya nondo na ubao ili chuma kisiguse ukingo.

Alinyamaza, akakiviringisha kipande cha waya ulioshika kutu kati ya vidole. Kisha akainuka, akaokota vigae vilivyovunjika vya paa la jirani, akavikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba na kuvichomeka kati ya wavu na kalibu, vitatu juu, vitatu chini. Tulijaza vyungu sita jioni ile. Nimeandika tarehe chini ya kila kimoja kwa msumari, kabla saruji haijakauka.